Nilivyobeba Gramafoni hadi Langoni kwa Wakwe

Mmeniuliza nyote, mmoja kisimani, mwingine sokoni, wengine mpaka kanisani mahubiri yakiendelea, ni nini kilichonipata huko bara. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Mama Mghoi amesikia habari za askari tu, Mama Mkamburi amesikia habari za tope tu, na sasa naambiwa kuna watu hapa Voi wanaosema nilikwenda Thika kuuza gramafoni. Basi nimekaa chini niandike yote. Atakayetaka zaidi ya haya aje nyumbani na sukari yake.

Chanzo mnakijua. Mdogo wangu Karanja, aliyebaki Ruiru, alinitumia ujumbe kwa mdomo wa fayamani mmoja, mchochea moto wa gari la moshi la mizigo: amepata mchumba juu ya Thika, siku imepangwa, nije, na nije na gramafoni, kwa sababu hakuna wa kuimba.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi, na ninyi Wataita lazima niwaeleze. Kwetu Wakikuyu, watu wa bwana arusi hawabishi hodi kwa wakwe wakaingia. Lango hufungwa. Wanawake wa bibi arusi husimama ndani, wanawake wa bwana arusi nje, na wa ndani huuliza kwa wimbo: ninyi ni nani, mmepita wapi, mmeleta nini, nyumbani mmemwacha nani? Wa nje hujibu kwa wimbo. Na huwezi kujibu kwa maneno ya arusi ya mwaka jana. Lazima uyatunge pale pale, yawe ya siku hiyo na ya watu hao. Mkishindwa, mnarudishwa mkatafute watu, maana ukoo usio na mwanamke wa kuujibia ni ukoo gani huo? Zamani jambo hili halikututisha. Mama yetu alikuwa mwimbaji wa kwanza katika upande wetu wote wa Ruiru, na hakuna lango lililomshinda. Lakini Mama alishafariki, na waitikiaji wake emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, iliwatawanya.

Habari za pasi, vibali na mihuri naziruka. Miaka hii Mkikuyu hasogei bila karatasi, na karatasi zile zilinichosha vya kutosha zilipokuwa mkononi.

Voi hadi Nairobi

Gramafoni ya mume wangu, Baba Mwakio, mmeisikia mara nyingi, lakini hamjaibeba. Ukiiweka kichwani, shingo inazama mabegani. Santuri nilizifunga kwenye kanga mbili na kuzipakata kama mtoto. Daraja la tatu la gari la moshi lilijaa, na kabla hatujatoka stesheni kila mtu alikuwa ameshajua ndani ya sanduku kuna nini.

"Mama, fungua basi tusikie," akasema mzee mmoja wa upande wa ziwa aliyefanya kazi bandarini Mombasa.

Nikafungua. Gari likayumba, sindano ikaruka kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na mwimbaji akaagana nasi kabla hajatusalimu. Tukagundua kwamba muziki ungewezekana gari likisimama tu. Tangu hapo watu waliokuwa wakilalamika kwamba tunachelewa wakaanza kuomba tucheleweshwe. Kila injini iliposimama kunywa maji, behewa zima lilipiga kelele, "Piga, mama, piga!" Nami nilipiga, na watu waliokuwa chini wakiuza mayai na ndizi walisahau kuuza, wakacheza.

Kila santuri ilipata mwenyewe. Ile ya taarabu ya udi ilidaiwa na bibi mmoja Mdigo, akasema iliimbwa siku aliyoolewa, mvua ikanyesha hadi bwana arusi akaletwa amebebwa mgongoni. Ile ya vijana wa gita mzee wa bandarini aliisikiliza amefumba macho. Akatuambia kwamba walipogoma kazi, waliipiga chumbani kwa sauti ya chini, watu wengi wamebanana, wakingoja kusikia kama watafukuzwa. "Watu wanadhani huu ni wimbo wa mapenzi," akasema. "Mimi nikiusikia nasikia njaa." Kisha akacheka, akaomba ndizi.

Makindu injini iliharibika kabisa. Hapo hakuna aliyenuna, kwa sababu Masingasinga wana hekalu lao pale na hulisha msafiri yeyote bila kumuuliza kabila. Nilikula dengu na chapati hadi nikalegeza mshipi. Tulipoondoka, sindano zangu zote zilikuwa zimeanza kuwa butu kwa kupigwa, na mimi sikulijua hilo. Nilikuwa najiona malkia.

Stesheni ya Nairobi

Askari alinisimamisha nikitoka kwenye gari. Alikuwa mtu mrefu, mweusi, amevaa medali za vita, na uso wake haukuwa na mchezo.

"Hiyo sanduku iko na nini?"

"Gramafoni, afande."

"Fungua. Piga. Nataka kujua hii nyimbo inasema nini."

Miaka hii nyimbo za Kikuyu hutazamwa kama watu wenye panga, na bahati mbaya mkono wangu ulitoa santuri ya kodiani, kile kinanda cha kuvuta, ya kwetu, ile ya densi ambayo nilinunua kabla ya emajensi. Nikaona kazi imekwisha, nitalala ndani. Kodiani ikalia, na pete ya chuma ikagongwa nyuma yake, ting, ting. Askari akainama. Akasikiliza hadi mwisho.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniambia kwamba huko Burma, kwenye kambi yao, kulikuwa na Mkikuyu mmoja mwenye kodiani, na kila Jumamosi aliwapigia muziki huu huu, na askari wa makabila yote walishikana wawili wawili wakacheza kwa sababu hakukuwa na wanawake. Yule Mkikuyu hakurudi. "Tulimcheka, alikuwa anacheza kama bata," akasema, halafu akataka nirudie tena.

Afande yule alikuwa mtu mwema na namwombea heri. Lakini aliponiachilia, gari la Thika lilikuwa limekwenda zake, na ikabidi ningoje la kesho yake. Ndivyo ilivyokuwa habari ya askari, Mama Mghoi. Sikupigwa, sikufungwa. Nilicheleweshwa na mpenda muziki.

Ruiru

Niliposhuka Ruiru kahawa ilikuwa imeiva, mashamba mekundu, na hewa ilinuka maganda ya kahawa yanayooza karibu na mto. Harufu hiyo kwenu ni uvundo. Kwangu mimi ni utoto, na nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma.

Tata Nyambura, mdogo wake Mama, anakaa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba. Alinipokea kwa githeri ya mahindi na maharage, na nduma, yale magimbi ya kwetu, akanitazama nikila, akaniambia nimenenepa kama mke wa chifu. Karanja alikuja jioni kutoka kazini, akaiona gramafoni, akaikumbatia kabla hajanikumbatia mimi.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, nami nikangoja nisikie Jumamosi ya Ruiru. Ninyi mliozaliwa hapa hamwezi kujua. Zamani, Jumamosi jua likishuka, kodiani ilianza upande wa chini wa laini, ya pili ikajibu kutoka shamba la jirani, na wasichana walivaa fulana nyeupe wakatoka wakijifanya wanateka maji. Hatua mbili na kuinama, hatua mbili na kugeuka. Mama, na umri wake, alikuwa anaingia katikati na kumnyang'anya msichana mchumba wake, acheze naye mpaka kijana atoke jasho. Safari hii jua lilishuka na nikasikia vyura tu.

"Kodiani ziko wapi?" nikauliza.

"Ziko chini ya vitanda," Tata akasema. "Watu wakikutana wengi, wanaulizwa wanapanga nini. Mwenye kodiani amechoka kuulizwa."

"Na nyimbo?"

"Nani aimbe, Wambui? Wengine wako kwenye vijiji vipya, wengine wako kizuizini, wengine wako ardhini. Mimi ni wa kuitikia, unanijua. Tangu nizaliwe mama yako alikuwa anaanza, mimi namalizia. Sijawahi kuanza wimbo."

Mama alifariki mwaka watu walipohamishiwa vijijini. Aliugua mvua ya kwanza, kibanda hakijaezekwa vizuri. Sikupata ruhusa ya kutoka Voi. Walimzika haraka, watu wachache, bila wimbo hata mmoja, yeye aliyewaimbia watu wote wa Ruiru wakizaliwa na wakiolewa. Jambo hilo nimekuwa nalo kooni miaka hii yote, na ninyi mlikuwa mnaniona nacheka kisimani.

"Gramafoni itaimba," Karanja akasema. "Tutaiweka langoni, tupige ile ya kodiani. Watasema tumeendelea."

Nami nikakubali, tena kwa furaha. Nilikuwa nimelibeba sanduku kutoka Voi. Ungeniambia halitafaa, ningekupiga nalo.

Thika, barazani kwa Mhindi

Asubuhi tulikuwa Karanja, Tata, wazee wawili wa ukoo, na wanawake wachache, wengine vijana ambao nyimbo wanazozijua wamezitoa kwenye santuri. Kabla ya kupanda gari, Karanja akajaribu mashine. Ikakwaruza kama kuku anayechimbua. Sindano zilikuwa zimekwisha makali, zote.

Basi Thika tukakimbilia duka la Mhindi anayeuza vitambaa, taa na santuri. Mwenye duka alikuwa amekwenda Nairobi. Alikuwepo mama yake, bibi mzee mwenye sari nyeupe, ameketi barazani akichambua mchele. Sindano alijua ziko wapi, lakini hakuinuka mpaka ajue tunakwenda wapi tumependeza hivyo.

"Kwa wakwe," nikasema. "Hii ndiyo itakayotuimbia langoni."

Bibi akaweka ungo chini. "Hii? Kwani nyinyi hapana mdomo?"

Nikamweleza.

"Sisi pia naimba," akasema. "Bwana harusi nakuja, wanawake natukana yeye. Lazima tukana. Hapana tukana, yeye nafikiri hapana mtu nyumbani." Na pale pale, kwa sauti nyembamba iliyokuwa bado safi, akaimba kwa Kigujarati akimnyoshea Karanja kidole. Wasichana wa dukani wakaanguka kwa kicheko. Karanja akauliza kimesemwa nini. Msichana mmoja akamtafsiria: bwana arusi ana tumbo kama gunia la pamba, na mama yake alimpata sokoni kwa bei ya kutupa.

Karanja alikasirika kweli, akataka tuondoke bila sindano. Ikabidi Tata amshike shati. Bibi yule hakuelewa amekosa nini. Kwake amempa heshima. Akatuletea chai ya tangawizi na iliki na vitafunio vya dengu, akamlisha Karanja kwa mkono wake mpaka naye akacheka. Tukiondoka akanivuta kanga.

"Mashine nazuri," akasema. "Lakini wewe imba."

Nikamwitikia kwa adabu, nikajisemea moyoni kwamba wazee wa kila kabila ni wale wale.

Kuvuka Chania na kupanda

Tukavuka daraja la Chania, maporomoko yakinguruma upande mmoja. Kutoka hapo njia inapanda, na mvua iliyonyesha usiku ilikuwa imeigeuza kuwa sabuni. Hilo ndilo tope la Mama Mkamburi. Nilianguka, nikaanguka tena, na kila mara nilianguka chali ili gramafoni iwe juu yangu. Gauni la kuendea arusi, lile la maua mliloniazima, lilifika juu likiwa rangi ya matofali. Wazee wa ukoo walitembea mbele, wakizungumza habari za ng'ombe, kana kwamba hawatujui.

Juu tukakuta kijiji kimoja cha vile vya emajensi, nyumba zimepangwa safu kwa safu, handaki bado liko pande zote ingawa mianzi iliyochongwa ilikuwa imeshaondolewa. Nyumba ya akina Njeri, mchumba wa Karanja, ilikuwa na ua wake wa miti, na lango lilikuwa limefungwa kwa kamba mpya. Nyuma yake tuliwasikia wanawake wakijikohoza.

Langoni

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mama yake Njeri. Nene, yenye kutu kidogo, sauti ya mtu asiye na haraka. Maneno nayageuza kwa Kiswahili, na utamu wake umebaki huko mlimani.

"Nasikia nyayo za watu langoni. Ni watu au ni mbuzi waliopotea njia?"

Waitikiaji wake wakaitika, wengi, kama ukuta. Karanja akanipa ishara. Nikaiweka gramafoni juu ya jiwe, nikazungusha mpini, nikashusha sindano mpya. Kodiani ikalia ikavuka ua. Karanja akainua kidevu.

Wa ndani wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote.

"Tumesikia mwanamume," akaimba mama yake Njeri. "Ana sauti nzuri. Ni wa mbari gani? Alizaliwa na nani? Mwambieni atoke sandukuni aje tumpe uji."

Mimi nikiwa bado nimeduwaa, springi ikalegea. Wimbo ukaanza kuzama, mwimbaji akaongea kama mtu anayesinzia, ukanyamaza. Karanja akaukimbilia mpini. Tata akamwondoa mkono.

"Wageni," sauti ikaimba tena, na safari hii hapakuwa na utani ndani yake. "Kama hamna mtu wa kutujibu, rudini mkatafute watu. Binti yetu hatumpeleki mahali pasipo na watu."

Niliwatazama wenzangu. Wasichana wametazama chini. Wazee wetu wamegeuka upande wa bonde. Karanja, mtoto niliyembeba mgongoni, alikuwa amesimama na mikono imening'inia. Tata alinifinya ubavuni, kwa nguvu, akajikohoza kama mwitikiaji anayemngoja mwanzilishi.

Nikafungua mdomo. Wimbo wa Mama wa langoni nilijaribu kuukumbuka ukanikimbia. Kilichokuwa masikioni mwangu ni ile kodiani iliyozama sasa hivi. Basi nikaichukua hiyo hiyo, muziki wa densi wa Jumamosi, nikaupachika maneno yangu.

"Mimi ni Wambui, sikutoka sandukuni. Nimetoka Voi kwenye vumbi jekundu."

Tata akaitika. Mungu ambariki, aliitika kana kwamba tulikuwa tumefanya mazoezi mwezi mzima, na wanawake wetu wakamfuata.

Niliyajibu yote kwa safari yangu. Walipouliza tumepita wapi, nikawaimbia gari linalosimama ili watu wacheze, dengu za Makindu, afande wa Burma aliyelia kwa ajili ya bata. Nilitia chumvi, nakiri. Walipouliza tumeleta nini, nikawaimbia bwana arusi mwenye tumbo la gunia la pamba aliyenunuliwa sokoni Thika. Ndani walikuwa wanapiga vigelegele. Nikasikia nyayo zao: hatua mbili na kugeuka. Walikuwa wanacheza. Jinsi mwendo ulivyokuwa mzito mwanzoni, nikajua nao hawajacheza miaka mingi.

Kisha mama yake Njeri akauliza swali ambalo kila lango huliuliza.

"Mbona tunajibiwa na mtoto? Mama aliyemzaa bwana arusi yuko wapi? Au ametudharau?"

Hakujua. Hakukusudia ubaya, ni swali la desturi. Tata aliacha kuitika. Na mimi, lile lililokaa kooni miaka yote likapanda lenyewe.

"Mama hakuwadharau," nikaimba. "Mama yuko Ruiru, chini ya udongo wa kijiji kipya. Alizikwa kimya, yeye Wanjiku mwenye malango yote. Hakuna aliyemwimbia. Leo namwimbia mimi, hapa, mbele yenu. Mkiisikia sauti hii, ni yeye amekuja."

Ndani vigelegele vilikatika. Nikadhani nimevunja desturi, nimeleta kifo kwenye arusi, nimemharibia Karanja. Halafu ile sauti nene ikaanza tena, polepole, kwa muziki ule ule wa kodiani, na haikuuliza kitu. Ilitaja jina. Lilikuwa la dada yake, aliyezikwa kimya vile vile. Mwanamke mwingine ndani akataja la marehemu wake, mwingine akataja la mumewe. Kwetu nje wasichana wale wa santuri, wasiojua nyimbo, wakaanza kutaja mama zao na shangazi zao, na pande zote mbili zikawa zinaitikiana bila kujali nani ni wa ndani na nani ni wa nje. Sijui nani alikata kamba. Niliona tu kwamba hakuna lango tena, na tumechanganyika uani tukicheza, mimi na gauni langu la tope.

Tulipoketi, mama yake Njeri alitoka ndani ya nyumba na kibuyu cha uji. Desturi ni kwamba kibuyu cha kwanza hupewa mama wa bwana arusi, kabla ya wazee, kabla ya mtu yeyote. Niliona Karanja akitazama chini. Mama yule akapita mbele ya wazee wetu bila kuwaangalia, akapita mbele ya Tata, akasimama mbele yangu. Ni mkubwa kwangu kwa umri wa kunizaa, lakini aliinama.

"Mama Karanja," akaniita, "kunywa, umetembea mbali."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Sijawahi kujivuna kama siku ile, na sitaomba radhi kwa hilo. Nikanywa mbele ya watu wote, machozi yakidondokea ndani ya uji, mpaka kibuyu kikaisha.